Flasha ya taa kubwa kwenye Land Cruiser ya wagonjwa: mchoro wa kwenye boksi haukubali

dereva_wa_zamu

Wakuu habari za jioni. Tuna Land Cruiser ya wagonjwa, HZJ78, volti 12, taa za mbele zina globu za H4 60/55 za kawaida, yaani nyuzi mbili ndani ya globu moja, fulu (mwanga wa mbali) wati 60 na dimu (mwanga wa chini) wati 55. Taa za buluu za juu na king'ora vipo na vinafanya kazi, ila jua likiwa kali buluu haionekani vizuri kwa dereva aliye mbele. Tunataka taa kubwa zipishane kushoto na kulia wakati wa kukimbiza mgonjwa.

Tumenunua flasha ya elektroniki ya kupishanisha taa. Ina nyaya tano: moto (chanya), ethi (hasi, yaani bodi ya gari), waya wa swichi, na mbili za kutoka, moja ya kila taa. Imeandikwa ampea 10 kila upande. Mchoro unasema kila waya wa kutoka uende kwenye waya wa fulu wa taa yake. Fundi kafanya hivyo hivyo, kagawia (kaunga waya wa pembeni) nyuma ya soketi bila kukata kitu. Matokeo: taa za gari zikiwa zimezimwa, ukibonyeza swichi ya flasha taa zote mbili zinawaka kwa unyonge, fulu na dimu kwa pamoja, wala hazipishani. Ukiwasha taa ukaweka fulu, fyuzi ya flasha inakatika hapo hapo.

Je, flasha ni mbovu? Kuna anayeshauri tuweke flasha ya indiketa kwa kuwa ni rahisi, inafaa? Na kama tatizo ni nyaya, tufungeje ili taa za kawaida zisije zikatuzimikia? Gari linatembea usiku porini.

---

Fundi Testa

Flasha ni nzima, na bahati yenu mliweka fyuzi. Msiibonyeze tena mpaka mjue gari linakata moto au linakata ethi.

Mchoro wa boksi umechorwa kwa gari ambalo swichi ya usukani inapeleka moto kwenye fulu au dimu, na mguu wa tatu wa globu umekaa ethi muda wote. Land Cruiser za familia ya 70 na Toyota nyingi za zamani ziko kinyume. Mguu wa pamoja wa globu unapata moto kutoka rilei ya taa (swichi inayovutwa na koili yake ikipata umeme) kupitia fyuzi mbili, ya kushoto na ya kulia, halafu swichi ya usukani ndiyo inayochagua waya upi uende ethi, wa fulu au wa dimu. Na swichi nyingi za Toyota zikiwa kwenye dimu zinauacha waya wa dimu umekaa ethi hata taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu kinachozima taa ni rilei ya moto.

Sasa fuata njia ya umeme wenu. Flasha inatia moto kwenye waya wa fulu. Umeme unapita uzi wa fulu, unafika mguu wa pamoja, haupati ethi pale, unageuka na kushuka kupitia uzi wa dimu hadi ethi ya swichi. Nyuzi mbili zimejipanga mfululizo, kila mmoja unapata sehemu tu ya volti, ndiyo unyonge mliouona. Hazipishani kwa sababu waya wa fulu wa kushoto na wa kulia zimeungana ndani ya nyaya za gari, kwa hiyo njia mbili za flasha zimekuwa njia moja. Na mkiweka fulu, swichi inaupeleka waya ule ule ethi. Hapo moto wa flasha umegusa ethi moja kwa moja, fyuzi lazima ikatike.

Thibitisha kwa testa (taa ndogo ya kupimia umeme) kabla ya kununua chochote, maana gari linaweza kuwa limeshachezewa huko nyuma. Chomoa soketi za H4 zote mbili. Hapa wengi wanapotea: ukichomoa upande mmoja tu, globu iliyobaki upande wa pili inapitisha moto kupitia uzi wake na testa inawaka kwenye mguu ambao kiukweli hauna moto, mwisho unasema gari linakata moto kumbe siyo.

Washa taa. Kibano cha testa kwenye ethi, gusa matundu matatu ya soketi, kwanza kwenye dimu halafu kwenye fulu. Kisha hamishia kibano kwenye chanya ya betri, rudia. Likiwa linakata ethi utaona tundu moja lina moto ule ule kwenye dimu na fulu, na hayo mawili mengine yanawasha testa kwa zamu kibano kikiwa kwenye chanya. Likiwa linakata moto ni kinyume chake. Leta majibu.

Flasha ya indiketa achana nayo. Ina njia moja ya kutoka, kwa hiyo itawasha na kuzima taa zote mbili kwa pamoja badala ya kuzipishanisha. Tena imepimwa kwa globu za wati 21, na uzi mmoja wa fulu ni wati 60.

---

dereva_wa_zamu

Asante mkuu. Tumepima soketi zote mbili zikiwa nje. Kibano kwenye ethi: tundu moja lina moto, halibadiliki dimu wala fulu. Kibano kwenye chanya: moja linawaka kwenye dimu, jingine kwenye fulu. Tumezima taa kabisa tukiwa tumeacha swichi kwenye dimu, na tundu la dimu bado linawasha testa. Kwa hiyo ni kama ulivyosema, linakata ethi.

---

koili86

Basi usihangaike kuifanya flasha ifuate nyaya za gari. Ukitaka kupishanisha taa za namna hiyo juu kwa juu itabidi upeleke moto kwenye mguu wa pamoja, ushushe fulu ethi kwa zamu, na wakati huo huo ukate dimu isiwake kupitia swichi. Rilei tatu kila upande, na mtu wa kuja kutafuta hitilafu miaka miwili baadaye atakulaani.

Njia safi ni kuwapa globu nyaya zao mpya zinazokata moto, halafu nyaya za gari zibaki kazi moja tu ya kuamrisha rilei. Kwenye maduka ya spea zipo seti tayari za rilei za H4: soketi mbili za globu, plagi moja ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, rilei mbili na fyuzi. Hakuna waya wa gari unaokatwa, siku ukitaka kurudisha unachomoa tu. Na kwa gari la umri huo taa zenyewe zitawaka vizuri zaidi, kwa kuwa umeme hautapita tena kwenye swichi ya usukani iliyochakaa.

Ila usinunue seti kwa macho. Fungua uangalie koili za rilei zinaishia wapi. Kwa gari lako ncha moja ya kila koili lazima iende kwenye mguu wa pamoja wa plagi, ile nyingine iende mguu wa dimu kwa rilei ya dimu, na mguu wa fulu kwa rilei ya fulu. Seti ambayo koili zake zimefungwa kwenye bodi ya gari haitawaka kamwe kwako, sababu swichi yako haitoi moto, inatoa ethi. Angalia pia kama rilei ina daiodi ndani, mara nyingi imechorwa ubavuni. Daiodi inataka moto upande mmoja tu, na kwako pande zimegeuka. Itapitisha umeme wote bila kizuizi na utachoma fyuzi ya taa au daiodi yenyewe. Chukua rilei isiyo na daiodi, au yenye rezista (kizuizi cha umeme) badala yake.

Sasa kazi yenyewe. Namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei: 85 na 86 ni ncha za koili, 30 ni mguu wa kati, unagusana na 87 rilei ikivuta, na kwa rilei ya miguu mitano unagusana na 87a ikilala. Kwanza toa hasi ya betri.

Rilei ya dimu: mguu 30 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, mguu 87 kwenda mguu wa dimu wa globu zote mbili. Rilei ya fulu: mguu 30 kutoka betri kupitia fyuzi yake ya ampea 20. Fyuzi mbili tofauti ni za makusudi, ili fulu ikipiga shoti ubaki na dimu. Ziwe karibu na betri, sentimita 20 hivi, maana kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Mguu wa pamoja wa kila globu unaenda ethi upande wake, kwa boliti ya milimita 6 na taminali ya duara, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha upake grisi.

Mguu 87 wa rilei ya fulu usiende moja kwa moja kwenye globu. Hapa katikati ndipo unapoingiza rilei mbili za miguu mitano, nitaziita K1 ya kushoto na K2 ya kulia:

- 30: mguu wa fulu wa globu ya upande huo
- 87a: kutoka 87 ya rilei ya fulu
- 87: waya wa kutoka wa flasha wa upande huo
- 85: ethi
- 86: zote mbili pamoja, kutoka rilei ya zuio

Rilei ikiwa imelala, 30 inagusana na 87a, yaani fulu ya kawaida. Flasha ikifa, waya wa swichi ukikatika, koili ikiungua, zote zinaanguka upande wa taa za kawaida. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia 87a na siyo kugawia tu. Ukigawia, moto wa fulu unaingia kinyumenyume kwenye njia za flasha na kuiua taratibu, au unavuka kwenda taa ya pili.

Rilei ya zuio, Z, nayo ni ya miguu mitano. Mguu 30 unapokea kutoka swichi ya dashibodi, 87a inaenda kwenye 86 za K1 na K2 na pia kwenye waya wa swichi wa flasha. Mguu 86 unaugawia kutoka waya wa taa ndogo, 85 ethi, na 87 uache mtupu, ufunge. Ukiwasha taa ndogo au taa kubwa, Z inavuta, flasha inakatwa na K1, K2 zinarudi kwenye kawaida. Kwa hiyo usiku hazipishani hata dereva akisahau swichi. Lakini waya wa taa ndogo uupime kwanza kwa testa: lazima upate moto taa zikiwashwa. Usiukisie kwa rangi.

Usiku usitamani zipishane. Globu ya H4 nyuzi zote mbili zikiwaka pamoja ni wati 115 kwenye chombo kilichokusudiwa wati 60, soketi ya plastiki inalainika na kioo cha ndani kinafifia. Halafu fulu inayochezacheza gizani inamwacha anayekuja mbele haoni, na anayeumia mbele ya gari la wagonjwa ni huyo.

Flasha yenyewe: moto wake kutoka betri kwa fyuzi yake ya ampea 10. Taa zikipishana ni moja tu inayowaka kwa wakati, kama ampea 5. Swichi ya dashibodi chukua moto kutoka baada ya swichi ya taa za buluu, kwa fyuzi ya ampea 3. Hivyo haziwezi kupishana bila buluu, na buluu zikizimwa nazo zinazima.

Nyaya: milimita mraba 2.5 kutoka betri kwenda rilei na flasha, 1.5 kutoka K1 na K2 kwenda globu na kutoka flasha kwenda K1 na K2, 0.75 kwa koili na swichi. Waya 2.5 wa mita 2 ukibeba ampea 10 unapoteza volti 0.14 tu. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu unakatika ndani ya ganda kwa mtikisiko, na kwa nje hauoni kitu.

---

Mkono wa Risasi

Mkuu koili86 rilei zote hizo za nini? Rilei mbili tu zinatosha. Waya za kutoka za flasha peleka moja kwa moja kwenye 86 za K1 na K2, mguu 87 uwape moto wa betri kwa fyuzi. Rilei zenyewe ndizo zipishane. Flasha haibebi mzigo, hata ya bei ya chini inafaa, na dereva akiweka fulu taa zote mbili zinakaa fulu bila rilei ya zuio, kwa sababu 87 na 87a zote zina moto.

---

Fundi Testa

Kwenye karatasi inafanya kazi, na hoja ya fulu ni kweli. Ila piga hesabu ya rilei. Rilei nyingi za magari zinapewa umri wa mara 100,000 hivi zikiwa na mzigo. Zikipishana mara 90 kwa dakika, hiyo ni mara 5,400 kwa saa, kwa kila rilei. 100,000 gawanya kwa 5,400 unapata saa 18 na nusu za king'ora. Kwa gari la wagonjwa linalofanya kazi kweli hizo ni wiki chache tu. Na uzi wa globu ukiwa wa baridi unavuta mara kumi hivi ya ampea zake za kawaida kwa kitambo kidogo sana, ndiyo maana ncha za rilei zinaungua na mwisho zinashikana. Zikishikana upande wa 87, taa ya upande huo inabaki fulu mpaka mtu atoe fyuzi. Katikati ya msongamano wa Jumatatu asubuhi sijui nani atatoka kwenda kutoa fyuzi.

Kwenye mchoro wa koili86 rilei zinageuka mara moja tu safari ikianza na mara moja ikiisha, kupishana kunafanywa na elektroniki ambayo haina ncha za kuungua. Flasha yao imeandikwa ampea 10 kila upande, mzigo ni ampea 5, inatosha. Mbinu yako ifae kwa mwenye flasha dhaifu ambaye amekubali kubadilisha rilei kila mara.

Na kwako pia dimu haikuzuiwa. Dereva akiwa kwenye dimu usiku, fulu zinaendelea kupishana juu yake. Rilei ya zuio bado unaihitaji.

---

Mkono wa Risasi

Hesabu nimeiona, sibishi. La kuongeza ni viungo. Msizungushe nyaya kwa mkono na kufunga tepu, joto la injini linayeyusha gundi ya tepu na vumbi linaingia. Wala vile vibana vya plastiki vinavyong'ata waya bila kumenya, vinakata nyuzi nusu na maji yanapanda ndani. Taminali ibanwe kwa koleo la taminali lenyewe, siyo plaizi, halafu mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ukipenda risasi ya kuchomelea nyaya tumia, ila waya ulioshika risasi unakuwa mgumu na kukatika pale ugumu unapoishia, kwa hiyo ufunge kwenye nyaya nyingine sentimita chache kutoka kwenye kiungo usitikisike.

Waya unaoingia ndani ya kabini upite kwenye tundu lenye mpira. Chuma kitupu kitaula.

---

pwani_elektriki

Naongeza kwa wasomaji wenye gari tofauti, kwa vile thread hii itasomwa na wengi.

Kama gari ni la volti 24, H4 zake ni 75/70 na kila kitu kinabadilika: rilei za 24, flasha ya 24, globu za 24. Rilei ya 12 kwenye 24 inaungua koili.

Kama mmeweka globu za LED za kubadilishia H4, pima kwanza nje ya gari. Nyingi zina kifaa ndani kinachochelewa kuwaka, na kwenye mpishano wa haraka zinawaka nusunusu au hazizimi kabisa. Kama taa zinatumia gesi, zile za HID, usipishanishe kabisa. Kila zikiwashwa balasti inapiga maelfu ya volti kuanzisha mwanga na taa inachukua sekunde kadhaa kukolea, kwa hiyo hupati mpishano wa maana, unachopata ni balasti iliyokufa.

Na gari jipya lenye taa za LED za kiwandani zinazoamriwa na kompyuta, usiguse waya wa taa. Kompyuta inapima mkondo wa kila taa, ikiona umekatwa inaandika hitilafu au inazima upande huo. Huko unafunga taa ndogo za LED kwenye grili, mbili, kila moja ya wati kumi au pungufu, zenye flasha yake ndani. Zinaonekana vizuri mchana na taa kubwa zinabaki zilivyo. Kusema kweli hata kwa Land Cruiser hii ningewauliza kwanza kama grili haitoshi.

Kwa gari binafsi sijibu. Taa za namna hii ni za wagonjwa, zimamoto na polisi. Trafiki akikukamata usimtaje fundi.

---

dereva_wa_zamu

Shukrani sana wakuu. Grili tuliifikiria ila flasha tumeshainunua na kamati imeshasaini, kwa hiyo tunaendelea na mchoro wa koili86. Fundi amefunga seti ya rilei kwanza, bado hajaingiza K1 na K2. Dimu na fulu zinawaka vizuri, nyeupe kuliko zamani. Tatizo jipya: taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi inawaka hafifu sana, na ukitoka dimu kwenda fulu, dimu nayo inabaki inawaka. Seti zimegeuzwa?

Na rilei hizi tuziweke wapi? Mto tunaovuka unafika kwenye bampa wakati wa masika.

---

koili86

Hazijageuzwa. Kwenye baadhi ya Toyota zinazokata ethi, taa ya fulu ya dashibodi inapata umeme wake kupitia uzi wa dimu wa globu. Uzi ule upinzani wake ni mdogo sana, kwa hiyo zamani taa ya dashibodi ilipata karibu volti zote. Sasa globu haipo pale, ipo koili ya rilei ya dimu yenye ohm 90 hivi. Taa ya dashibodi na koili zimegawana volti karibu nusu kwa nusu: taa inafifia, na koili inapata volti 6 au 7. Rilei inahitaji zaidi ya hapo ili ivute, lakini ikishavuta inaendelea kushikilia kwa volti chache. Ndiyo maana dimu haiachii.

Msiliache hivyo. Hizo ni nyuzi mbili zinawaka kwa pamoja kila mkiweka fulu, ile ile wati 115 niliyosema juu.

Weka rezista ya ohm 22, wati 25, ile yenye ganda la alumini, sambamba na koili ya rilei ya dimu. Ncha moja kwenye waya wa pamoja, nyingine kwenye waya wa dimu. Mahali rahisi ni kwenye soketi ya gari ya upande wa pili, ambayo sasa haina kazi: miguu hiyo hiyo ya pamoja na dimu ipo pale, inaungana na ya upande huu. Koili itabaki na volti 2 hivi ukiwa kwenye fulu, itaachia, na taa ya dashibodi itarudi. Ukiwa kwenye dimu rezista inakula karibu wati 9 muda wote na inapata moto wa kukuunguza kidole, kwa hiyo ifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na nyaya na mfuniko wa plastiki.

Rilei ziwekeni juu kwenye ukuta wa ndani wa madigadi, upande usio na ekzosi, usawa wa juu ya betri, miguu ikitazama chini ili maji yasikae ndani. Flasha hivyo hivyo, isiwe juu ya betri kwa sababu ya mvuke wa asidi. Waya unaoshuka kwenye rilei upitishe chini kwanza kisha upande, maji yadondokee kwenye kona ya chini ya waya badala ya kuufuata hadi kwenye taminali.

---

Fundi Testa

Mkimaliza kufunga, kabla gari halijarudi kazini, injini ikiwa inaunguruma:

Pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya soketi ya globu fulu ikiwaka, kati ya mguu wa fulu na mguu wa pamoja. Tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, tafuta ethi mbovu kwanza, ndiyo inayosumbua mara nyingi kuliko waya.

Washa flasha dakika 30 mfululizo. Kisha zima uguse soketi za globu, rilei zote na kishikio cha kila fyuzi. Uvuguvugu ni sawa. Kinachokufanya uondoe mkono ni kiungo kilicholegea.

Flasha ikiwa inapishanisha, washa taa ndogo: lazima ikate hapo hapo. Washa dimu, kisha fulu: kawaida. Zima taa: mpishano urudi. Halafu toa fyuzi ya flasha na uhakikishe fulu na dimu haziyumbi. Rudisha, toa fyuzi ya fulu, uhakikishe dimu ipo.

Kasi ya mpishano, kama flasha ina skrubu ya kurekebisha, iacheni kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Uzi wa halojeni unahitaji muda kidogo kukolea na kupoa, ukienda kasi zaidi hauzimiki katikati na kwa mbali taa inaonekana kama inawaka moja kwa moja kwa unyonge.

Globu msiweke 100/90 kwa tamaa ya mwanga. Uzi wa wati 100 unakula zaidi ya ampea 8, soketi za seti nyingi hazikutengenezwa kwa hilo.

---

dereva_wa_zamu

Rezista tumeweka, dimu inaachia na buluu ya dashibodi imerudi. Kesho fundi anaingiza K1, K2 na Z. Waya wa taa ndogo ameupima nyuma ya taa ya mbele kushoto, una moto taa zikiwashwa. Anauliza kama augawie pale pale au kule kwenye boksi la fyuzi ndani.

---

koili86

Pale mbele kushoto panatosha, koili ya Z haifikii robo ya ampea. Ila aweke fyuzi ya ampea 1 au 2 kwenye huo mgawanyo. Bila hiyo, waya wa Z ukichubuka na kugusa bodi utakata fyuzi ya taa ndogo ya gari, na mtapoteza taa za nyuma pamoja na taa za dashibodi usiku.

Na abandike karatasi ndani ya boneti: fyuzi ipi ni ya dimu, ipi ya fulu, ipi ya flasha.